Gari Chongo Usiku

Gari lenye taa moja mbele humhatarisha dereva wake, lakini humhatarisha zaidi anayekuja. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo taa ya kulia ndiyo iliyo karibu na mstari wa katikati ya barabara. Ikifa hiyo, inabaki ile ya pembezoni, na usiku machoni mwa mwenzake gari hilo si gari tena: ni bodaboda iliyojibanza kando ya lami. Mwenye haraka ya kulipita lori huingia katikati akiamini nafasi ipo, kumbe ubavu mzima wa gari umo gizani, pale pale anapoelekea. Tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku nchini Tanzania, jambo hili limekuwa zito zaidi kwenye barabara za njia moja kwenda na moja kurudi, kama ile ya Chalinze hadi Segera.

Taa moja ikizima, wa kwanza kushukiwa ni balbu. H4 ya volti 12, inayotumika sana, ina nyuzi mbili ndani: ya wati 60 kwa fulu na ya wati 55 kwa dimu. Ndiyo maana dimu huweza kufa huku fulu ikiwaka, na wapo wanaoamua kusafiri na fulu mpaka kunakucha, wakipofusha kila wanayekutana naye. Hilo halina udhuru, maana balbu hubadilishwa kwa dakika chache. Tahadhari yake ni moja: kioo cha balbu hakiguswi kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hukifanya kipate moto mahali pamoja kuliko pengine, na balbu ikafa mapema. Taa zote mbili zikizima kwa mpigo, kwa kawaida tatizo limo kwenye fyuzi, rilei au swichi.

Ubovu unaosumbua zaidi ni wa taa inayowaka lakini haimuliki. Mara nyingi umeme haufiki kamili. Waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi hushika kutu, na volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Dawa yake ni kukwangua kutu na kufunga waya upya. Wengi hukimbilia balbu ya wati 100, wakaisukumia kwenye nyaya zilizowekwa kubeba 60. Barabara hung'aa kwa muda. Plagi ya gari hilo ikija kuchomolewa, plastiki yake imegeuka kahawia, imeyeyuka ikagandamana na miguu ya balbu, na fundi hulazimika kuikata.

Sababu nyingine ni kava. Taa za siku hizi hazina kioo mbele, zina plastiki ya polikaboneti, na jua huila ngozi yake ya juu mpaka ikawa ya njano yenye ukungu. Husuguliwa kwa msasa wa maji, namba 800, 1000 kisha 2000, na kumaliziwa kwa polishi. Dawa ya meno nayo hung'arisha, ila haidumu, kwa sababu kilichopotea ni ile ngozi ya kukinga jua. Isiporudishwa kwa rangi ya klia inayozuia miale, unjano hurudi. Maji yakiwa yameingia ndani na kubabua ile sehemu ing'aayo kama fedha, msasa hausaidii. Taa nzima hubadilishwa.

Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa H4 zimeongeza tabu. Taa hiyo imepigiwa hesabu kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pake maalumu. Chanzo cha mwanga kikihama, hata kidogo, mwanga humwagika juu. Dereva huona weupe mbele yake akaridhika, na anayekuja haoni kitu.

Kipimo cha haya yote ni ukuta. Gari likisimama mita 10 mbele yake kwenye sakafu tambarare, ukingo wa juu wa dimu unapaswa kuwa kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa, na kupanda kidogo upande wa kushoto ili kummulika anayetembea kando. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia hupandisha mwanga kuliani, yaani usoni mwa anayekuja, na kwa mengi yake bisibisi haitoshi, hutakiwa taa nyingine.

Mkaguzi anayeuliza saa sita mchana kama taa zinawaka, akajibiwa ndiyo na kupitisha gari, hajakagua taa. Ukaguzi ufanyike giza likiingia, mbele ya ukuta, na gari chongo lisiondoke hapo mpaka balbu iwekwe.