Mfalme Asiachwe Hatarini

Ugomvi mwingi wa sataranji hutokana na jambo hili: mfalme ametishwa, naye mchezaji asogeza kete nyingine kana kwamba hakuna neno. Hilo ni kosa. Mfalme akitishwa, njia ni tatu tu: ahame, adui anayemtisha aliwe, au kete iwekwe katikati. Farasi hazuiliki kwa kete ya katikati, maana yeye huruka. Na wakitisha wawili pamoja, hapana budi mfalme mwenyewe ahame.

Sasa fumbo. Ngome ya mwenzio imefungwa: ikiondoka, mfalme wake atabaki wazi. Je, mfalme wako aweza kuingia njiani mwake? La! Hata kete iliyofungwa hutisha, kwani ingemla mfalme wako kwanza, na mchezo ukaisha.

Ukiona kosa, usipige meza. Sheria ya FIDE, chama cha dunia kilichoundwa Paris mwaka 1924, yataka kete zirudishwe zilipokuwa, na ile iliyoguswa ichezwe kama yaweza kwa halali. Katika mashindano ya mchezo mrefu, mpinzani wa mkosaji huongezewa dakika 2. Kosa la pili kwa kawaida ni kushindwa. Nyumbani yatosha kumwambia mtoto taratibu: rudisha, fikiri tena.