Fundi, Acha Kusingizia Virusi!

Jamani, leo nina hasira na sitaificha.

Juzi usiku laptopu yangu ilizimika ghafla katikati ya gemu ya mpira. Dakika ya 88, naongoza 2-1. Mpira si kitu. Nyuma ya gemu nilikuwa nimeacha wazi makala ya kurasa nne ambayo sikuihifadhi. Asubuhi mhariri alisubiri makala, akapata visingizio.

Nikaenda kwa fundi. Hata kuigusa hakuigusa. "Virusi hivyo, bosi. Tunapiga Windows upya, elfu ishirini." Kwa ujinga wangu nikalipa. Jioni ileile nikafungua gemu, ikazimika tena, ikiwa na Windows mpya kabisa!

Ndugu zangu, hakuna uchawi hapa. Gemu huitumikisha prosesa na chipu ya grafiksi kwa nguvu zote, bila kupumzika. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi joto 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi. Ndipo gemu inapoanza kukwamakwama. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima isije ikaungua. Kule kuzimika ni kinga. Sasa Windows mpya itaondoaje vumbi kwenye feni? Ndiyo, zipo programu haramu zinazoweza kuichosha prosesa kimyakimya, lakini hilo nalo hupimwa, halibuniwi.

Utaniambia Dar ni joto. Kweli, feni haiwezi kuipoza mashine ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Lakini kitandani umeiweka wewe! Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini. Ukiilaza juu ya godoro umeiziba pua, halafu unalaumu hali ya hewa.

Nilichofanya mimi hiki hapa. Nilishusha programu ya bure ya kupima joto, HWMonitor, nikacheza huku naiangalia: 98. Nikaizima, nikachomoa chaja, nikafungua kifuniko cha chini na kupuliza vumbi kwa hewa ya kopo, feni nimeishikilia isizunguke. Vumbi lililotoka lingetosha kujaza kiganja. Pesti iliyo kati ya prosesa na bamba la shaba ilikuwa imekauka, nikapaka mpya. Nikaihamishia mezani, nikainyanyua nyuma kwa vitabu viwili. Mwisho, kwenye gemu nikaweka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, maana hakuna sababu ya kuitesa itoe 120 kwenye skrini inayoonyesha 60. Sasa haivuki 82.

Na kama yako inazimika wakati joto liko chini kabisa ya hapo, usihangaike na feni. Chunguza chaja na betri.

Ninachogombea ni kimoja: tuache kulipia ubashiri. Hukubali dawa ya malaria bila kupimwa damu. Kwa nini ukubali kufutiwa mashine nzima na mtu ambaye hajaipima hata joto? Kabla hujatoa shilingi, mwambie fundi akuonyeshe namba. Akishindwa, beba laptopu yako uondoke.

Makala niliiandika upya. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, na mhariri alilijua hilo.

Haya, mafundi mnaosoma hapa, nipingeni. Ila mje na namba.