UJIRA WA MFANYAKAZI NA SOMO LA KOMPYUTA



 Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, wapo wanaosema kuwa kompyuta haina nafasi madrasa. Sisi tunaona kuwa kijana aliyekwisha kusoma mirathi anaweza kujifunza kuandika programu, na programu yake ya kwanza iwe ya kukokotoa malipo ya wafanyakazi.

Kwanza, hesabu si ngeni kwetu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra chenye sehemu kubwa juu ya mirathi na wasia. Neno algorithimu, yaani mpangilio wa hatua ambazo kompyuta hufuata, limetokana na jina lake.

Pili, ujira ni amana. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Wakata miwa wa Mtibwa na Kilombero, na wabebaji wanaoshusha mboga kutoka milima ya Uluguru, wote wana haki hiyo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mwanafunzi huanza na kiolezo kiitwacho klasi, akakipa jina Mfanyakazi. Humo huandika yale ambayo kila mfanyakazi anayo: jina, saa alizofanya na malipo kwa saa. Ni kama fomu tupu ya kujiunga na madrasa: fomu ni moja, lakini kila mtoto hujaziwa ya kwake. Fomu iliyojazwa ndiyo inayoitwa kitu. Baadaye ataongeza klasi mbili, ya kibarua na ya mwenye mshahara wa mwezi. Zote mbili zitarithi yaliyomo katika ile ya kwanza, ila kila moja itakokotoa malipo kwa njia yake.

Tuchukue mfano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mtu analipwa shilingi 3,000 kwa saa, naye amefanya saa 50. Saa 45 ni shilingi 135,000. Saa 5 za ziada, kwa shilingi 4,500 kila moja, ni 22,500. Jumla ni 157,500. Mwandishi wa programu akisahau saa za ziada, mashine itatoa 150,000 bila kusita. Mfanyakazi amedhulumiwa 7,500. Wakiwa 40, ni shilingi 300,000 kila wiki, na hakuna aliyenyanyua mkono kuiba!

Tena mashine haijui mkweli na mwongo. Mwaka 2016 Serikali yetu ilitangaza kugundua watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliokuwa wakilipwa mishahara. Kompyuta hulipa kila jina lililoingizwa. Kwa hiyo fundi asiye na taqwa ni hatari kuliko karani wa daftari, kwa kuwa kosa lake huenea kwa watu wengi kwa mara moja. Hii ndiyo sababu tunasema somo hili linafaa kufundishwa hapa, karibu na somo la amana na vipimo vya haki.

Wazazi wetu, hatuombi makubwa. Kompyuta moja iliyokwisha kutumika inatosha kuanzia, na hatua zote zinaweza kuandikwa kwanza ubaoni kwa chaki. Vijana wetu wanaosoma vyuo vikuu vya hapa mjini waje wakati wa likizo wawafundishe wadogo zao. Nanyi wanafunzi, kabla hamjaiamini programu yenu, kokotoeni kwa mkono malipo ya watu watatu, kisha mlinganishe. Majibu yakitofautiana, msimlipe mtu mpaka mjue kosa liko wapi.