Mgonjwa si Mtoro: Mwajiri Mdogo na Sheria ya Likizo ya Ugonjwa

Katika karakana ya useremala yenye mafundi watatu, fundi mmoja anapougua, theluthi ya nguvukazi hukosekana siku hiyo hiyo huku oda za wateja zikisubiri. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki wa biashara ndogo hukata ujira wa siku za ugonjwa au humwachisha kazi mhusika kwa maneno ya mdomo. Hatua hiyo huonekana kuokoa fedha, ilhali yaweza kuzaa gharama kubwa zaidi.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwondolei mwajiri wajibu huu kwa sababu ya udogo wa biashara yake. Mfanyakazi anayestahili ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Sheria hiyo hiyo inamlinda mwajiri pia. Halazimiki kulipa iwapo mfanyakazi hakuwasilisha cheti cha tabibu. Aidha, maradhi au ajali itokanayo na kazi ina utaratibu wake wa fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Utoro ni suala jingine. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinatambua kuwa kukosekana kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kunaweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Hata hivyo, ni lazima mwajiri afanye uchunguzi, atoe tuhuma na kumpa mfanyakazi muda wa kuandaa utetezi usiopungua saa 48. Anayeruka hatua hizo anaweza kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), hata kama utoro ulikuwa wa kweli.

Kinachomtenganisha mgonjwa na mtoro, basi, ni kumbukumbu. Daftari la mahudhurio, nakala za vyeti na utaratibu wa maandishi unaoeleza nani ajulishwe na kwa wakati gani havihitaji ofisi ya rasilimali watu. Mali bila daftari hupotea bila habari; na haki ya mwajiri ni hivyo hivyo.