Simu Nzima, Mfumo Maiti

Vodacom Tanzania ilipoleta Smart Kitochi mwaka 2019, wengi waliokuwa wakiiona simu janja kuwa anasa walijipatia njia ya kuingia mtandaoni. Kwa nje kilikuwa kitochi cha vibonye kama vingine. Ndani kilitumia mfumo endeshi wa KaiOS, ulioweza kubeba WhatsApp. Kisha, Juni 2024, WhatsApp ikaacha kupokea watumiaji wapya wa KaiOS, na mapema 2025 ikawaaga hata waliokuwamo. Vibonye vilikuwa vizima na betri ikishika chaji. Mwenye simu hakufanya kosa lolote.

Wenye Android za zamani nao hawakusalimika. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, toleo la mwaka 2013.

Hilo angalau lilionekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana: simu inayoendelea kupiga, kupokea na kulipia bidhaa, huku mfumo wake ukiwa umeshatelekezwa na aliyeitengeneza. Google hutoa marekebisho ya usalama ya Android mara kwa mara, lakini hayamfikii mtumiaji moja kwa moja. Mtengeneza chipu, awe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, ana sehemu yake. Kampuni yenye jina juu ya kasha nayo lazima iyaingize kwenye mfumo wake. Mmoja akichoka, mnyororo umekatika. Apple, inayomiliki simu na mfumo wake, haina kisingizio hicho: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata rekebisho la usalama Januari 2023.

Upande wa Android, Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24. Hizo ni simu za wenye nazo. Za bei ya chini, ambazo ndizo zinazojaa madukani kwetu, huahidiwa miaka michache, na nyingine haziahidiwi chochote. Maskini ananunua simu akitarajia imtumikie muda mrefu kuliko tajiri, halafu anapewa yenye uhai mfupi.

Serikali zetu haziwezi kusema jambo hili liko nje ya uwezo wao. Kenya ilizima simu feki mwaka 2012, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikafanya hivyo Tanzania Juni 2016. Kitambulisho cha kila simu kilikaguliwa, na zisizo halali zikakatwa kwenye mtandao. Lakini simu halisi, yenye risiti na iliyolipiwa ushuru, haikuulizwa swali moja la msingi: italindwa hadi lini?

Umoja wa Ulaya umeliuliza. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko lake lazima ziendelee kupata masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli husika kuacha kuingizwa sokoni. Wafanyabiashara watasema sharti la namna hiyo huku litapandisha bei, na huenda wana hoja. Basi tuanze na dogo: tarehe ya mwisho wa masasisho ichapishwe kwenye boksi, kando ya GB na megapikseli. Wino huo haugharimu kitu, na asiyeijali tarehe atanunua tu.

Kwa simu za mtumba zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli jijini Nairobi, tarehe hiyo ina uzito zaidi, maana sehemu ya uhai wa simu imeshaliwa na mmiliki wa kwanza. Boksi mara nyingi halipo, ila mnunuzi anaweza kufungua mipangilio, aingie sehemu ya kuhusu simu, asome tarehe ya rekebisho la mwisho la usalama. Akikuta 2020, hapo ndipo pa kuanzia kupatana bei.