Kipupwe Kilichokosa Baridi

Siku ya kwanza ya Januari 2023, wakati ambapo watu wa Ulaya, kwa desturi waliyoirithi tangu jadi, hujifunika nguo nzito na kukaa karibu na moto, kipimajoto cha mji wa Warsaw, katika Polandi, kilifika nyuzi 18.9, na huko Bilbao, kaskazini ya Hispania, kikapita 25, harara ambayo ardhi ile haikuitazamia ila baada ya miezi mingi. Katika milima ya Alps majani yalionekana mahali palipostahili theluji, na njia kadha wa kadha za kutelezea zikafungwa.

Sababu ya karibu ni dhahiri: pepo za kusini-magharibi zilichukua hewa ya vuguvugu kutoka bahari ya Atlantiki zikaimimina juu ya bara lile. Wako wasemao, basi, kwamba hayo ni mambo ya pepo tu. Hoja hiyo naikubali nusu. Pepo za namna hiyo zilivuma zamani pia. Lakini leo zavuma juu ya dunia ambayo hewa ya ukaa, itokayo katika makaa ya mawe na mafuta, imekwisha kuiongezea joto la zaidi ya nyuzi moja tangu zama za viwanda. Na tena, jambo lililonishughulisha mno, harara hiyo ilizuka wakati wa La Niña, hali ya bahari ya Pasifiki ambayo aghalabu huipoza dunia.

Nawasihi wenye mamlaka, hasa wa mataifa yaliyotangulia kwa viwanda, wasingoje ushahidi mwingine.