Tamko la wakulima wa Masisi na Walikale kuhusu ugawaji wa chakula cha msaada

Sisi wakulima tulioungana katika chama kutoka teritware za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, tunatoa tamko hili kwa mashirika ya misaada, kwa machifu wetu, na kwa wote wenye silaha wanaoshika barabara zetu.

Masisi ndiyo iliyokuwa ikilisha Goma maharagi, viazi, maziwa na jibini. Walikale ilitoa mawese, mihogo na ndizi. Udongo haujachoka, waliokuwa wakiulima ndio waliofukuzwa, wengine mara tatu ama nne. Februari 2025, baada ya Goma kutekwa, kambi za waliokimbia vita kama Bulengo zilivunjwa na familia zikaambiwa zirudi kwao. Walirudi mikono mitupu, wakakuta mashamba yamekuwa kichaka. Mwezi huohuo maghala ya PAM, Shirika la Chakula Duniani, yaliporwa Bukavu, karibu tani 7,000 za chakula. Machi, vita vikafika Walikale mjini.

Kwa kila aliyetuletea unga, mafuta na chumvi tunasema asante kwa moyo wote. Wako watoto walio hai leo kwa sababu ya unga huo.

Tunaomba orodha za majina ya watakaopokea msaada zisomwe mbele ya watu wote kabla ya siku ya kugawa, kanisani ama sokoni. Orodha iliyoandikwa nyumbani kwa mtu hujaa ndugu zake. Mjane aliyekimbia Nyanzale na kupokewa Nyabiondo hana wa kumtaja, na waliompokea wamekwisha kula akiba yao. Waandikwe wote.

Kwenye bariyeri za barabarani, mama anayetoka kupokea msaada asidaiwe hata kopo moja la unga. Azimio namba 2417 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2018, linalaani kuwanyima raia chakula vitani. Linamhusu kila mwenye silaha, awe wa upande gani.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni mbegu. Kwetu hupandwa Septemba, na tena Februari ama Machi. Mbegu za maharagi zikiletwa peke yake katika nyumba ambamo watoto wamelala njaa, mama atazisuuza ile dawa ya kuua wadudu iliyopakwa juu yake, mara mbili, mara tatu, kisha atazibandika motoni. Dawa haitoki yote, naye anajua. Hatumlaumu hata kidogo. Basi unga, mbegu na jembe vitolewe siku moja, na unga utoshe mpaka maharagi yakomae, yaani miezi mitatu ama zaidi. Mbegu zinazofika Oktoba mvua imekwisha kuzitangulia.

Kwa hiyo uandikishaji wa msimu wa Septemba uanze mwezi wa saba. Pale lori litakapokwama kwa matope, wanachama wetu wenye chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, watabeba magunia mpaka vijijini, na hawatachukua chochote katika msaada kama malipo.